Kamba Ndefu na Kisima cha Kalondu

Kamba ndefu usiipe kisima kifupi.

Methali hii ilianza hivi. Lakini kabla sijafika huko, acheni kwanza kugombania lile jembe. Mlinisikia asubuhi nikisema maneno hayo mlipokuwa mkigawana vifaa vya shambani. Mkubwa wenu alishika jembe jipya kwa sababu yeye ni mkubwa, na kazi yake ilikuwa kung'oa magugu kwa mkono. Mdogo akaachiwa lile butu, aende kuvunja ardhi ngumu kule juu. Nikasema, mkacheka. "Mama na kamba zake!" Kisha mmoja akauliza kama nimejitungia mwenyewe.

Sikujitungia. Niliambiwa na mama yangu, naye aliambiwa na mama yake. Nimeona niiandike kwenye hili daftari, maana nikianza kusimulia jioni mwajua mimi husinzia katikati. Someni wenyewe. Na yule anayependa kuchungulia kisima cha kina Mutua asome mara mbili.

Zamani, upande ule mkavu wa Ukambani, palikuwa na mto ulioitwa Ngoleni. Kuuita mto ni kuupa heshima tu. Maji yalipita majuma matatu kwa mwaka, miezi mingine yote ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, unaochoma nyayo. Watu waliishi kwa visima walivyochimba kando yake. Vilikuwa saba, kila boma na chake.

Visima hivyo havikulingana. Palipokuwa na kona ya mto, mwamba ulishika maji karibu, ukichimba pima mbili umefika. Pima moja, kama hamjui, ni mtu akinyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole huku hadi ncha ya kidole kule. Ukipanda juu ya ukingo, maji yalizidi kwenda chini: pima tatu, nne, tano. Na kile cha juu kabisa kilikuwa na pima saba. Ukitupa kijiwe ndani unaweza kumeza mate kabla hujasikia kilivyotua.

Kisima hicho cha pima saba kilikuwa cha Kalondu. Hakukichagua. Aliolewa mahali pale mwisho, visima vingine vikiwa vimekwisha kupata wenyewe, akapewa kile ambacho hakuna aliyekitaka. Mume wake alikuwa ameenda na ng'ombe malisho ya mbali kama wanaume wengi wakati wa kiangazi, akabaki yeye na binti yao Mbithe, mtoto wa miaka kama tisa, mwembamba, mwenye maneno machache. Wema mmoja wa kisima kile ni kwamba hakikuwahi kukauka. Ubaya wake mmoja ni kwamba kilitaka kamba.

Sasa hapo kwenye kamba ndipo shida ilipokaa.

Kamba zilisokotwa na wanawake wote pamoja, mvua zikiwa bado zinanyesha, mkonge wa porini ukiwa na majani yenye uhai. Kiangazi kikishaingia, majani hukauka na nyuzi zake hukatika ukizivuta, kwa hiyo ukikosa kamba wakati wa mvua umekosa mwaka mzima. Walikata mkonge pamoja, wakaponda pamoja, wakasokota, na kamba zikatoka jinsi nyuzi zilivyoruhusu, nyingine fupi, nyingine ndefu. Zikawekwa kwa mama mmoja aitwaye Ndunge, ambaye kazi yake ilikuwa kuzigawa siku mto ulipokauka.

Na aligawa kwa umri. Aliyezaliwa kwanza alichagua kwanza. Hiyo ndiyo desturi aliyoikuta, na aliyempa kazi aliikuta vilevile. Na mkubwa akichagua atachagua nini? Atachagua ndefu. Basi baada ya miaka mingi urefu wa kamba ukawa ni heshima. Mwanamke akipita na mzigo wa kamba begani, watu walihesabu mikunjo kwa macho na kusema, "Yule ameishi." Mtu akithubutu kumwomba mkubwa kamba yake, ilikuwa kama amemwambia, "Nipe miaka yako, wewe inakutosha." Walisema kabisa kwamba mkubwa akiitoa kamba yake mkononi, hamalizi mwaka.

Mkubwa wa wote alikuwa bibi mmoja aitwaye Syokau. Walimwita Susu, yaani nyanya. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine wote kusokota, na hata uzeeni vidole vyake vilijua uzi mzuri kwa kuugusa tu. Kisima chake kilikuwa pale konani. Pima mbili.

Mwaka ninaousema, kamba ndefu kuliko zote ilikuwa ya pima nane. Susu Syokau akaichukua. Aliyemfuata akachukua ya pima sita, kisima chake kikiwa cha pima tatu. Wakaendelea hivyo hivyo, kila mmoja akichukua iliyo ndefu kati ya zilizobaki, mpaka ikafika zamu ya Kalondu, wa mwisho. Chini palibaki kamba moja. Pima tatu.

Kalondu akaiokota. Akaipima kwa mikono yake, ingawa alijua.

"Mama Ndunge," akasema, "hii itaning'inia hewani."

"Naona," Ndunge akajibu.

"Sasa nifanyeje?"

Ndunge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na mgongo unaouma. Akajifuta jasho. "Mwaka jana ulifanyaje?"

"Mwaka jana mvua zilirudi mapema."

"Basi omba zirudi mapema."

Hivyo ndivyo watu waliochoka hujibizana. Si kwamba hawana huruma. Huruma inataka nguvu.

Kalondu akaenda nyumbani akaanza kuungaunga. Alifunga kamba yake ya pima tatu na mikanda miwili ya ngozi ya kubebea kuni, akaongeza shuka lake la zamani alilolichana vipande. Siku ya kwanza ilifika majini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nguo ililowa, fundo likateleza, kibuyu kikaenda nacho kipande cha shuka na mkanda mmoja. Alisikia *bwa!* ya maji, kisha kimya. Akalala kifudifudi ukingoni, akatazama kile kijicho cha maji kinavyong'aa kule chini, maji yake mwenyewe, na hana namna ya kuyagusa.

Akaenda kwa majirani. Siku ya kwanza alipewa kibuyu kimoja kimejaa. Siku ya pili nusu. Siku ya tatu aliulizwa habari za mume na akaambiwa jua la mwaka huu ni kali. Nao hawakudanganya. Visima vyao vilikuwa vinatoa maji na matope.

Mbithe akamwambia, "Mama, mimi ni mwepesi. Kuna vipandio. Nitashuka."

Kweli palikuwa na vipandio, vile vishimo vya kuwekea nyayo ambavyo wachimbaji walivichonga ukutani. Lakini vilikuwa vya zamani, na udongo wa kiangazi ni kama mkate mkavu.

"Ukiweka mguu wako mle ndani," Kalondu akamwambia, "usiniite mama tena."

Akashuka mwenyewe. Kila asubuhi alishuka mpaka penye kipandio cha mwisho, akateka, akapanda na kibuyu mgongoni mpaka pale kamba ya pima tatu ilipoweza kufika, akakifunga, na Mbithe akavuta kutoka juu. Kisha akashuka tena. Safari nne kwa siku. Mikono ilichubuka, magoti yakavimba. Usiku alimlalia Mbithe mguu mmoja juu, asije akaamka mapema na kwenda peke yake. Mtu mwingine angesema huo ni wasiwasi. Mimi nasema alikuwa mama.

Siku ya kumi hivi kipandio kimoja kilimvunjikia. Hakuanguka mpaka chini, alijishika, lakini kifundo cha mguu kilipinda, kikavimba kama boga. Alipofika juu alikaa chini akacheka. Mbithe akakiogopa kile kicheko kuliko ambavyo angeogopa machozi.

Hapo ndipo Kalondu alipoamua kufanya lisilofanywa. Alichukua fimbo akajikongoja mpaka konani, kwa Susu Syokau.

Alimkuta bibi ameketi kando ya kisima chake. Kamba ya pima nane ilikuwa pale. Pima mbili za kwanza zilikuwa zimelowa, kwa sababu ndizo zilizofanya kazi. Zile nyingine sita zilikuwa mchangani, zimetandazika kama nyoka aliyeshiba, na mbuzi mmoja amezilalia.

Kalondu aliutazama mzigo ule kwa muda.

"Susu, hujambo."

"Sijambo, mke wa mjukuu. Mguu huo umeupata wapi?"

"Kisimani. Susu, nimekuja na jambo zito, na sina nguvu ya kulizungusha. Nipe kamba yako. Chukua yangu. Yangu ni pima tatu, itakufikisha majini na itabaki."

Bibi akaitazama ile fimbo. Mbuzi alikuwa anatafuna.

"Unajua unaniomba nini?"

"Naomba kamba."

"Unaniomba miaka yangu. Mwaka jana nilimzika dada yangu. Alikuwa ametoa kamba yake kwa mkwe. Sasa na wewe umekuja na fimbo kabisa, kunihesabia siku."

"Susu, mbuzi wako anailalia!"

"Na alale. Ni mbuzi wangu, na kamba ni yangu." Kisha sauti ikashuka. "Mwanangu, mimi sikukatai kwa ubaya. Mimi ni mzee. Ninacho nini kingine cha kunionyesha kwamba mimi ni mkubwa? Meno?" Akafungua kinywa amwonyeshe. Yalikuwa mawili.

Kalondu alitaka kucheka akashindwa. Akasema asante, ingawa hakuna alichopewa, akageuka. Alitembea polepole, na kila alipokanyaga kwa mguu ule alikanyaga jina la Syokau.

Alipofika juu jua lilikuwa la saa sita. Aliketi kwenye kivuli cha lundo la udongo uliochimbuliwa zamani, karibu na kisima, akamwambia Mbithe, "Kaa hapa nami. Nikipumzika kidogo nitashuka." Akamshika mkono. Na mkono ukiwa mkononi, usingizi ukambeba.

Msiulize kwa nini alilala. Hamjawahi kuchoka hivyo, na Mungu awasaidie msichoke hivyo.

Aliamka akakuta mkono wake umeshika hewa.

Ile kamba fupi ilikuwa imefungwa kwenye gogo la ukingoni, inaning'inia ndani. Kibuyu hakipo. Akajitupa chini akaita, na kabla hajamaliza kuita akaona ukuta ulivyochubuka. Vipandio vya katikati, vitano au sita, vilikuwa vimemomonyoka vyote. Palibaki ukuta laini kama shavu.

"Mbithe!"

"Mama." Sauti ilitoka mbali, na ilikuwa na maji ndani yake.

"Umeumia?"

"Mkono. Maji yamenifika hapa."

"Hapa wapi? Mimi sioni!"

"Kiunoni. Mama, nilitaka uamke ukute kimejaa."

Na udongo ulikuwa bado unadondoka. Kidogo kidogo, *pwa, pwa,* kama mtu anayehesabu.

Kalondu alipiga ukemi uliosikika mpaka konani. Wanawake waliacha vibuyu wakaja mbio. Ndunge alifika wa kwanza na mgongo wake. Alichungulia mara moja. Aligeuka akampigia kelele binti wa jirani, "Kimbia kwa Susu! Lete ile ndefu!"

Wakangoja. Binti alirudi, na nyuma yake Susu Syokau mwenyewe anakuja kwa haraka ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. Mkononi alikuwa na kamba. Lakini Ndunge alipoipokea, akaikunjua, akaona mwisho wake upesi mno.

"Susu, hii ni pima tano."

Bibi alikuwa anahema. Akatoa kipande kingine kutoka chini ya nguo yake. Pima tatu.

"Niliikata," akasema. "Kalondu alipoondoka nilijikwaa nayo, ilikuwa inanizunguka miguu. Nikasema, si yangu? Nikakata kipande cha kufungia mbuzi."

 Kalondu aliangalia vile vipande viwili. Angeweza kusema mengi. Alisema, "Fungeni."

Mmoja akafunga fundo haraka, wakavuta huku na huku kulijaribu, likateleza. Wakafunga jingine, nalo likateleza. Mkonge uliolowa ni utelezi, na walikuwa wanaufunga kwa pupa. Kalondu aliyajua mafundo hayo. Yalishamlia kibuyu. "Si kwa fundo," akasema. "Mtanitolea mwanangu nusu ya njia halafu mumwachie."

Ndipo Susu Syokau akaketi chini, pale pale kwenye udongo, miguu imenyooka. "Nipeni ncha zote mbili," akasema. "Ziungwe kwa kusokotwa."

"Susu, itachukua muda."

"Fundo limechukua muda gani? Nipeni."

Akafumua ncha ya kamba hii na ncha ya kamba ile, uzi kwa uzi, akazilaza zikaingiliana kama vidole vya mikono miwili, akaanza kuzisokota upya juu ya paja lake. Vidole vilikuwa vizee lakini havikusahau. Ndunge alishika upande mmoja, wengine wakazuia jua kwa shuka ili nyuzi zisikauke. Kila alipofika mahali pagumu akavuta kwa meno yale mawili.

Kalondu alilala ukingoni akaongea na mtoto. Hakuwa na la maana la kusema. Alimuuliza mbuzi wao mweupe atazaa lini. Alimuuliza akipewa maziwa atataka ya moto au baridi. Mbithe alijibu mwanzoni. Kisha alijibu baada ya kuitwa mara mbili. Kisha mara tatu. Udongo, *pwa, pwa.*

"Susu!" Kalondu akaita bila kugeuza kichwa.

"Bado."

"Susu, ameacha kunijibu."

"Nikiharakisha itakatika. Mwite tena. Mwite kwa jina la bibi yake."

Akamwita kwa jina la bibi yake, na kule chini kitu kikasogea katika maji.

Kivuli cha lundo kilikuwa kimeshahama kikafika upande wa pili wakati Susu aliposema, "Sasa." Walitengeneza kitanzi, wakakiteremsha. Kwa kuungwa, kamba ilikuwa imepungua nusu pima. Ilibaki saba na nusu. Ilifika. Mbithe alijivika kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umevunjika, na wanawake sita wakavuta, Kalondu wa kwanza mbele, mguu wake uliovimba ukiwa umezama udongoni. Kila mtu alikuwa anatazama pale penye maungio. Yalipopita juu ya gogo yalilia kidogo, *krii,* yakapita.

Alitoka amepakwa tope mpaka kope, baridi kama mawe ya alfajiri. Alikuwa hai.

Kwa siku tatu Mbithe hakusema kitu. Alikunywa, alilala, mkono umefungwa kwa vijiti. Wanawake walikuja kumtazama kwa zamu, kila mmoja na maji kidogo. Siku ya tatu wote walikuwa pale, Susu Syokau akiwa ameketi karibu na mlango, mbali kidogo, kama mgeni. Mtoto akafungua macho akamtazama mama yake.

"Mama," akasema. "Ile kamba ilikuwa wapi?"

Ni hilo tu aliloliuliza. Hakulia, hakulaumu. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi imewekwa wapi. Na wanawake saba walikuwa mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu mtoto kwamba ilikuwa imelaliwa na mbuzi.

Susu Syokau alisimama akatoka nje. Wakadhani amekasirika. Kesho yake asubuhi akawaita wote mchangani, akasema kila mtu aje na kamba yake. Kalondu alikwenda kwa fimbo. Hakuwa na hamu na mkutano.

"Zitupeni chini," bibi akasema.

Wakazitupa. Akazipanga yeye mwenyewe juu ya mchanga, moja kando ya nyingine, fupi mwanzo na ndefu mwisho, zikakaa kama ngazi inayopanda. Kisha akawageukia wanawake.

"Na ninyi jipangeni. Si kwa umri. Mwenye kisima kifupi asimame hapa, mwenye kirefu asimame kule mwisho."

Wakaangaliana. Walikuwa wamezoea kujua mahali pao. Mwenye kamba ya pima sita, yule aliyemfuata Susu kwa umri, alijikuta amesimama wa pili kutoka mwanzo, kati ya vijana.

"Susu, hii ni aibu," akasema. "Sasa mkubwa atapewa nini?"

"Mkubwa atapewa maji ya kunywa. Kwani wewe hunywa kamba?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Tunaanza na kifupi," bibi akaendelea. "Kifupi kuliko vyote ni changu. Pima mbili. Kamba fupi kuliko zote ni hii, ya Kalondu, pima tatu. Inafika? Inafika. Basi nimemaliza, sigusi nyingine." Akainama akaiokota, akaitundika begani. Ilikuwa na mikunjo michache, kama ya mtoto. "Haya, wewe. Pima tatu."

Yule mwenye kisima cha pima tatu akanyoosha mkono kwenye kamba ya pima nne.

"Weka chini. Hiyo iliyo kabla yake haifiki?"

"Inafika, lakini inafika tu. Nataka kidogo cha ziada."

"Ziada yako ndiyo upungufu wa mwenzako. Juzi mimi nilikuwa na ziada ya pima sita. Mwulize Kalondu ilikuwa tamu namna gani."

Akaiweka. Akachukua iliyomtosha. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akichukua ile fupi kuliko zote inayofika majini, asizidishe. Ndunge alikuwa anasaidia kupima kwa mikono. Kalondu alisimama kule mwisho peke yake. Moyo wake ulikuwa unajua jambo moja tu kuhusu kuwa wa mwisho. Aliangalia chini asione. Kila kamba iliyookotwa alisikia mchanga ukikwaruzwa, akahesabu: moja imekwenda, mbili, tatu. Ya nne. Ya tano. Ya sita.

"Kalondu," Ndunge akasema.

Akainua macho. Pale mchangani palikuwa na kamba moja iliyobaki, yenye kivimbe katikati mahali ilipoungwa.

Hakuna mtu aliyekosa. Kamba zilikuwa ni zilezile saba, na visima vilevile saba. Ndunge alikaa chini akashika mgongo wake, akasema polepole, "Miaka yote hii zilikuwa zinatosha." Akarudia. "Zilikuwa zinatosha." Mama yangu aliponisimulia alisema kwamba hapo ndipo Ndunge alipolia, si siku ya kisima.

Kalondu akaipandisha kamba mpaka juu. Akafunga kibuyu, akakiteremsha, na kile kivimbe kikapita kwenye kiganja chake kikiwa kigumu kama kifundo cha kidole cha mzee. Kibuyu kikagusa maji, na mkononi kamba ikabaki, nusu pima, ya kushikia. Akateka akiwa amesimama. Mbithe alikuwa amekaa mbali na ukingo, mahali alipoambiwa akae, na mkono wake ambao haukuwahi kunyooka tena vizuri maisha yake yote.

Susu Syokau hakufa mwaka ule. Wala uliofuata. Watu walingoja wakachoka kungoja. Alizidi kuteka maji yake kwa kamba fupi, na kila mwaka mto ulipokauka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama upande wa visima vifupi, akiwagombeza waliotaka kujipenyeza upande wa kamba ndefu. Mgeni akiuliza mbona mkubwa ana kamba ya kitoto, alijibu kwa yale maneno ambayo ninyi mlicheka asubuhi.

Basi wanangu, mtakua, mtapewa vitu vya kugawa. Itakuwa chakula, itakuwa kazi, itakuwa ng'ombe wa baba yenu. Msianze kwa kuuliza nani mkubwa, wala nani amefika kwanza, wala nani anapiga kelele. Ulizeni kila mtu kisima chake kina pima ngapi. Kila mtu mpeni inayomfikisha majini, msimzidishie, na mtaona itabaki ya yule wa mwisho. Msipofanya hivyo, siku moja mtoto atawauliza kamba ilikuwa wapi, na mtakuwa mnajua.

Na lile jembe jipya, nimelichukua kutoka kwa mkubwa. Liko nyuma ya mlango, linamngoja mwenye ardhi ngumu. Kamba ndefu usiipe kisima kifupi.